Turubai la Baba Kurwa

9 Septemba 2024, Jumatatu

Daftari hili ni la Dauda. Kurasa za mwanzo kaandika yeye. Nimezikunja pamoja na kuzibana kwa kibanio cha nguo ili nisizione, nami naanzia hapa. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu afariki.

Faidha, binti yetu, ndiye aliyenishauri. Anafundisha Newala na jana ilibidi arudi kazini. Alipokuwa ananiaga alisema, mama, kama hutaki kulia basi andika. Sijakataa kulia. Sioni tu pa kuanzia.

Nimekaa eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, sitoki nje ya uzio. Wameshanihesabia kwa mwezi mwandamo: nitatoka tarehe 3 Januari.

Saa tatu asubuhi kivuli kilikuwa kigingi cha pili.

10 Septemba

Kigingi cha pili.

12 Septemba, Alhamisi

Nimesoma mwenyewe nilichoandika juzi, nikacheka kidogo. Atakayeokota daftari hili atadhani mjane wa Dauda amerukwa na akili. Basi nieleze.

Upande wa mashariki wa uwanja wetu anajenga Khalidi, tunayemwita Baba Kurwa. Ni nyumba ya wageni, kwa sababu hospitali ya Mkomaindo haiko mbali na ndugu wa wagonjwa hawana pa kulala. Wazo zuri. Mtaa wetu kwenye mpango wa mji ni wa nyumba ya chini, na ukizidi sana ghorofa moja, na kibali cha Baba Kurwa kinasema hivyohivyo, ghorofa moja. Lakini nguzo alizosimamisha ni nene kama za daraja. Dauda alifanya kazi ya kushika futi, ule utepe wa kupimia, kwa wapimaji ardhi miaka ishirini na sita, nguzo ukimwonyesha anakwambia itabeba nini. Mwezi wa saba akafungua shauri kwenye baraza la ardhi, jengo lisivuke ghorofa moja. Hakumtukana mtu. Alikwenda na ramani yake chini ya kwapa kama anakwenda kazini.

Kisha akapigilia vigingi sita uwanjani, kutoka uzio wa Baba Kurwa hadi mlango wa jiko langu. Cha tatu akakifunga kitambaa chekundu. Akasema kivuli cha saa tatu kikiishia hapo, nyumba imefika mwisho wa kibali. Kikipita hapo, kavunja sheria. Kila siku saa tatu anatoka na chai yake, anatazama, anaandika. Alipokuwa mzima niliona ni uchovu wa kustaafu. Sasa natazama mimi, kutokea mlango wa jiko, kwa kuwa saa tatu sina lingine la kufanya.

17 Septemba, Jumanne

Leo shauri lilikuwa linatajwa. Amekwenda Mjomba Nurdini, kaka wa marehemu mama yangu. Kwetu jambo likiwa zito linasemwa na mjomba, hata kama mjomba mwenyewe hajui kusoma hati. Alirudi mchana, akaketi kwenye kiti cha Dauda pasipo kujua ni cha Dauda, akasema wamemwelewa, wamempa pole, mambo yote yametulia.

Nikamuuliza yametulia vipi. Akasema wewe kaa eda yako, mpwa wangu, hayo ni ya wanaume.

Nilikubali. Nilikuwa sina hata nguvu ya kukataa.

Kigingi cha pili na robo.

21 Septemba

Wageni kumi na mmoja. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hawa wa leo wamekula ubwabwa wa siku tatu.

27 Septemba

Mafundi wako juu ya ghorofa ya kwanza. Choo changu na bafu viko uwanjani na bafu halina paa, kwa hiyo wananiona kichwa na mabega. Siku ya nne hii naoga kabla ya adhana ya alfajiri. Maji ya saa hizo yanauma meno. Sikumwambia mtu.

Kigingi cha pili na nusu.

2 Oktoba, Jumatano

Mama Kurwa kapita uzioni na bakuli la kisamvu. Ni mwanamke wa kicheko, lakini tangu msiba anaongea nami kwa sauti ya chini utadhani mtoto amelala. Akasema, shoga yangu, mume wangu kaniuliza mbona mama wa jirani hatumwoni uwanjani mchana, nami nikamjibu atatokaje na mafundi wako wote wako juu?

Adhuhuri mafundi wakafunga turubai. Kubwa, la buluu, kwenye jukwaa lao upande wote wa kwangu, toka chini hadi juu ya vichwa vyao. Baba Kurwa mwenyewe alisimama barabarani akiwaelekeza, na aliponiona mlangoni akainamisha macho. Akasema shikamoo akiwa ameangalia chini, ingawa mimi na yeye rika moja. Nikamwitikia.

Jioni nikaoga kwa maji ya moto. Nilikaa bafuni mpaka vidole vikakunjamana. Mungu amlipe Baba Kurwa. Nimemwombea dua, na nimeiomba kwa moyo, na ni kitu cha kwanza nilichofanya kwa moyo tangu mwezi wa nane.

3 Oktoba

Kigingi cha tatu kamili, kwenye kitambaa. Ni turubai. Turubai nalo lina kivuli.

9 Oktoba

Korosho za kwanza zimetoka shamba letu la Chiwata. Binamu kaleta magunia mawili kwa bodaboda. Nimezianika.

10 Oktoba

Nimegeuza korosho. Kigingi cha tatu.

14 Oktoba

Turubai limepandishwa. Mama Kurwa anasema mafundi wanainua jukwaa kidogo kumalizia, na mumewe kasisitiza turubai lipande nalo, asitokee hata mmoja wa kuchungulia. Nimemshukuru.

Kigingi cha tatu na nusu.

22 Oktoba, Jumanne

Korosho zinachukua siku nne kukauka, mwaka jana zilichukua mbili. Jua linafika uwanjani saa nne na kitu, na saa tisa nyumba yetu wenyewe inalizuia. Nazifuata na jamvi, nazisogeza kila saa. Nafanya kazi na mwili unachoka, lakini kichwani hamna kitu. Jana niligundua nimekaa na kikombe cha chai mkononi mpaka chai imeshika utando juu.

29 Oktoba

Kigingi cha nne. Turubai limepanda tena.

2 Novemba

Faidha amekuja. Akatazama turubai, akauliza, mama, lile turubai mbona refu hivyo? Nikamwambia ni heshima. Akanitazama. Kisha akanichana nywele na hatukulizungumza tena.

11 Novemba

Chama cha msingi cha wakulima kimerudisha gunia moja la korosho. Hazijakauka, zina ukungu ndani. Binamu kasikitika kuliko mimi.

Kigingi cha nne na nusu.

19 Novemba

Nilisikia winchi ya zege siku nzima. Winchi ya zege ni ya kumwaga sakafu, hata mimi najua, nilikaa na mshika futi miaka thelathini na moja. Nilisikia, nikaendelea kuchambua mchele.

26 Novemba, Jumanne

Manyunyu. Hakuna kivuli. Sina la kuandika.

1 Desemba

Mvua kubwa usiku, asubuhi jua kali. Kigingi cha tano.

5 Desemba, Alhamisi

Leo nitaandika sana.

Amekuja Veridiana. Ni msaidizi wa kisheria, binti wa Lulindi, mdogo kwa umri ila anavaa miwani ya kiutu uzima. Yeye ndiye aliyemwandikia Dauda yale madai. Alivua viatu mlangoni, akanipa shikamoo, akakaa chini na mimi mkekani ingawa nilimwonyesha kiti. Nikajua anakuja na jambo.

Akasema shauri la Dauda limekufa. Nilidhani ni namna ya kusema. Akaeleza taratibu kwamba mtu akifariki ana shauri, familia inapewa siku tisini kumleta msimamizi wa mirathi aliendeleze. Zikipita, shauri linafutika lenyewe, halihitaji hata mtu wa kulifuta. Siku tisini za Dauda ziliisha tarehe 26 Novemba.

Nilimwambia Mjomba alikwenda, wakamwelewa. Akasema kweli alikwenda, na Mwenyekiti alimwambia mbele ya wazee wa baraza leteni msimamizi kabla ya siku tisini, na Mjomba akajibu mjane yuko ndani, akitoka tutakuja. Wakampa pole. Kila mtu pale alidhani mwenzake ameelewa.

Nikahesabu kwa vidole. Eda yangu ni ndefu kuliko uvumilivu wa baraza kwa siku thelathini na nane.

Veridiana akaniambia tunaweza kuomba muda uongezwe, sababu ipo na ni ya heshima. Lakini tuwahi, kwa sababu jengo likipauliwa na watu wakilala ndani, hakuna atakayekuwa na moyo wa kusema livunjwe. Kasema amemuuliza sheikh wa msikiti wa sokoni, kamjibu mjane mwenye haja ya lazima anaruhusiwa kutoka mchana na kurudi kulala kwake. "Mama Faidha, kesho nije na bajaji?"

Nikamwambia tusubiri nitoke.

Aliniuliza kama ni kwa ajili ya dini. Nikamjibu ndiyo, na nilimdanganya. Ukweli ni kwamba sikutaka kwenda popote. Angeniambia nyumba inaungua ningemwambia vilevile, tusubiri.

Alipokuwa anavaa viatu akatazama juu. Akauliza, "Nyuma ya lile turubai kuna ghorofa ngapi?"

"Sijui," nikasema. "Siwaoni, wala hawanioni."

7 Desemba, Jumamosi

Nilimwita Mjomba Nurdini. Kaja kutoka Newala na kanzu yake ya msibani, akijua anaitiwa nini. Huyu ndiye mtu wa usipoziba ufa utajenga ukuta. Tangu utotoni mwangu ananiambia hivyo, na leo ukuta kajenga mwingine.

Sikumfokea, ila nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alifuta uso kwa kitambaa muda mrefu.

"Mpwa wangu, ningemtaja vipi msimamizi wa mali ya marehemu wakati mjane wake bado yuko mkekani? Watu wangesema tunagawana nguo zake na udongo wa kaburi bado mbichi. Nilikuhifadhi wewe. Nilijua na wao wana wajane kwao, watangoja."

Angeniuliza Septemba, mimi mwenyewe ningemwambia usimtaje mtu. Hakuna mzee wa huku ambaye angefanya tofauti, na hakuna karatasi ya huko barazani iliyoandikwa na mtu anayejua eda ni nini. Maji yamemwagika. Nimempa chai, amekunywa, amelala kidogo kwenye kile kiti cha Dauda. Safari hii nilimwambia ni cha nani. Akahamia mkekani.

14 Desemba

Kigingi cha tano na nusu.

20 Desemba

Kigingi cha sita, kwenye mlango wa jiko. Nilipotazama miguu yangu ilikuwa kivulini. Vigingi vimekwisha.

25 Desemba

Veridiana kaniletea kipande cha keki, ni sikukuu yao. Hakuzungumzia shauri.

3 Januari 2025, Ijumaa

Nimetoka eda.

Walikuja wanawake kabla jua halijachomoza, wakaniogesha, wakanivalisha gauni la kijani na kitenge kipya, wakanipaka manukato na wanja. Faidha alinisomea dua. Mama Kurwa alikuwamo, ndiye aliyenisugua mgongo. Alisugua kwa upole na kwa muda mrefu, na hakucheka hata mara moja.

Saa mbili tukasikia mafundi wanafungua kamba. Turubai likaanguka lote kwa pamoja na vumbi lake. Baba Kurwa kaliweka kwa ajili ya eda, eda imekwisha, amelitoa siku ileile. Mtu mwenye adabu zake.

Ni ghorofa tatu. Chini, na tatu juu yake, na mbao za paa zimeshafika. Upande wa kwangu kuna madirisha kumi na mawili, nimeyahesabu nikiwa na wanja machoni. Wanawake wote walitazama juu, kisha wote wakatazama chini. Mama Kurwa akachukua beseni lake akaondoka.

4 Januari, Jumamosi

Saa tatu nilitoka na chai. Turubai limeshuka. Kivuli hakikushuka nalo. Kigingi cha sita, palepale.

Kwa hiyo halikuwa turubai. Nimerudi nyuma kwenye kurasa zangu, tarehe moja baada ya nyingine. Yote niliyaandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Nililiona lile jengo likipanda siku kwa siku na sikuliona.

Nimekasirika. Naandika kwa sababu ni kitu kigeni. Chai imemwagika kwenye kitenge kipya.

6 Januari, Jumatatu

Baba Kurwa amekuja kunipa pole rasmi, kama inavyopasa. Sasa ananitazama usoni. Amekonda. Akasema anajua nina mpango wa kurudi barazani, na anaomba tuelewane kijirani. Atanijengea bafu la ndani na choo cha kisasa, na madirisha ya upande wangu ataweka vioo visivyoonyesha. Akanikumbusha watu wanaolala kwenye mikeka nje ya hospitali. Akanikumbusha kwamba hata mimi nililala pale, mwaka Faidha alipoumwa. Ni kweli, nililala siku tisa.

Nilimuuliza jambo moja tu, lile turubai aliliweka ili nisionwe au ili nisione.

Alifikiri. Namshukuru kwamba alifikiri.

"Nililifunga kwa ajili yako, Mama Faidha, wallahi. Nilipoona huoni, nikaendelea. Yote mawili ni kweli." Akainuka, akashika mlango. "Marehemu angekuwepo, nisingethubutu ghorofa ya pili."

Nadhani alisema kumsifu Dauda. Mimi niliposikia nilijua nitakwenda barazani.

7 Januari, Jumanne

Nimekwenda kwa Veridiana kwa miguu yangu. Jua la nje ni kali kuliko nilivyolikumbuka. Nimemwonyesha daftari. Kasoma amesimama, kisha akakaa, kisha akavua miwani.

Anasema hakuna ushahidi kama huu: mkono wa Dauda, halafu wangu, saa ileile, vigingi vilevile. Unaonyesha Baba Kurwa alivunja kibali siku gani, na unaonyesha kwa nini sikufika ndani ya siku tisini. Lakini baraza linataka daftari lenyewe, kopi haitoshi. Litapigwa muhuri, litakuwa kielelezo, litakaa kwenye jalada. Linaweza kukaa miaka.

Na litasomwa lote. Akanionyesha ukurasa wa tarehe 2 Oktoba, Mungu amlipe Baba Kurwa. Wakili wake atausoma kwa sauti na kusema huyu mama alijua, akaridhika, akaomba na dua. Na pale penye winchi ya zege atauliza, ulisikia, mbona ulinyamaza? Veridiana hakuniambia nichane. Alisema tu kwamba ukurasa ni wangu mpaka nitakapoukabidhi.

9 Januari, Alhamisi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Veridiana atanipitia saa tatu na robo.

Nimeondoa kibanio. Siwezi kukabidhi kurasa za mume wangu kwa watu wengine wazisome kabla yangu.

Ni kurasa thelathini na kitu. Mwandiko wake wa kazini, herufi zimesimama wima. Tarehe, saa, kigingi. Mara chache kaongeza neno, mawingu, au mgonjwa kwa jirani sikupima vizuri. Ya mwisho ni ya 28 Agosti, siku aliyoanguka jioni. Nainakili hapa, najua ni upuuzi kwa kuwa imo humuhumu, lakini nataka na mkono wangu uiandike:

"28/8. Saa 3.00. Kigingi cha pili. Maryam ameanika makopa ya muhogo karibu mno na uzio. Nimemwambia asogeze, jua litamkimbia. Amesema nimwachie makopa yake nikanywe chai. Nimekwenda kunywa chai."

Nilikuwa nimesahau. Nilimjibu hivyo kweli, sikuinua hata kichwa. Na yeye akacheka, akaenda. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho ya maana, makopa na chai, kwa sababu jioni hakuweza kusema tena.

Nimelia. Faidha, ukisoma hapa ujue nimelia. Nimelia kwa sauti mpaka Mama Kurwa kaja uzioni upande wa pili, akakaa chini palepale kwenye kokoto zao. Tumekaa hivyo, uzio katikati, mpaka jua lilipopita juu ya nyumba ya mumewe likagusa paa letu.

Sijachana kitu. Dua ya turubai ipo, na winchi ipo. Wasome kwamba alinitendea wema nikamshukuru, na wasome alichokijenga nyuma ya wema wake. Atakayeniuliza mbona ulinyamaza nitamwambia ukweli, nilikuwa nimefiwa.

Veridiana anabisha hodi. Saa tatu ilipofika nilipima kwa mara ya mwisho humu: kigingi cha sita. Nimenunua daftari jingine, nimeliweka jikoni na kalamu yake. Kesho saa tatu nitatazama tena.